Upanga wa Viking wa bei nafuu: maswali ninayoulizwa kila mara

Naishi Leeds, kaskazini mwa Uingereza, na tangu ninunue replika ya upanga wa Viking watu wananiuliza maswali yale yale, ndugu wa nyumbani Tanga, wenzangu kazini, vijana wanaotaka kununua wa kwao. Nimeyakusanya hapa. Mimi bado mwanafunzi, ila nimeushika, nimekatia nao vitu, nimeusafisha na nimeulinganisha na zile za makumbusho. Kama una haraka nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya kununua, na swali la msuka, yaani ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, usiliruke hata kama una haraka kiasi gani.

## Mambo ya mwanzo

Huo ni upanga wa kweli au pambo?

Ni wa kweli, yaani chuma chake kimepashwa moto na kupozwa inavyotakiwa, una makali na unakata. Siyo wa kale, umetengenezwa India miaka hii hii kwa kufuata umbo la panga za miaka elfu moja na zaidi iliyopita. Sokoni kuna aina kama tatu hivi: mapambo ya ukutani, panga za kazi za bei nafuu, na panga za mafundi wakubwa zinazogharimu kama gari kuukuu. Wangu uko katikati na karibu kila ninachosema hapa kinahusu hizo za katikati.

Maviking ni akina nani na walikuwepo lini?

Watu wa Norway, Denmark na Sweden ya zamani, wakulima, wafanyabiashara, mabaharia na wavamizi. Wanahistoria wa hapa huanzia 793, walipovamia nyumba ya watawa ya Lindisfarne, na huishia 1066 kwenye vita vya Stamford Bridge karibu na York. Mji wenyewe wa York waliuteka 866 wakauita Jórvík, kwa hiyo kwa mtu anayekaa Leeds hii ni historia ya jirani kabisa, treni haifiki hata nusu saa.

Kila Viking alikuwa na upanga?

Hapana. Silaha ya watu wengi ilikuwa mkuki, na shoka pia. Upanga ulikula chuma kingi kizuri na kazi nyingi ya fundi, ulikuwa mali ya mtu mwenye uwezo, ukirithiwa na hata kupewa jina. Kwenye hadithi za kale za Iceland kuna upanga unaitwa Fótbítr, yaani Mng'ata-mguu. Na kofia zenye pembe, nalo naulizwa sana, hazikuwepo. Zile zilienea kutokana na mavazi ya opera ya Wagner, mtunzi wa muziki wa Ujerumani, mwaka 1876. Kofia maarufu ya enzi za Viking iliyopatikana Gjermundbu, Norway, mwaka 1943 haina pembe hata moja.

Mbona wengine wanasema upanga wa Viking siyo wa Viking?

Hapa pananoga kidogo nivumilie. Bapa nyingi nzuri, yaani chuma chenyewe kirefu cha upanga, zilitoka kwa Wafaranki, yaani eneo la Ujerumani na Ufaransa ya leo, hasa upande wa mto Rhine, alafu mara nyingi mipini ikafungwa huko kaskazini kwa ladha ya wenyewe. Wafalme wa Kifaranki hawakuipenda biashara hiyo hata kidogo, mwaka 864 mfalme Charles the Bald alitoa amri pale Pîtres kukataza kuuzia wageni silaha na deraya, na adhabu yake ilikuwa kifo. Ila panga ziliendelea kuvuka tu.

Na shahidi mmoja mzuri ni Mwarabu. Ahmad ibn Fadlan alitumwa kutoka Baghdad mwaka 921, mwaka uliofuata akafika kwenye mto Volga akakutana na watu wa Rus, ambao wengi huwaona kuwa ni Maviking wa upande wa mashariki. Aliandika kwamba kila mwanaume ana shoka, upanga na kisu na haachani navyo, na kwamba panga zao ni pana, zina mifereji, ni za Kifaranki. Mimi nikiusoma huo mstari alafu nikiangalia mfereji wa upanga wangu nasisimka kweli, maana ni kitu kile kile alichokiona yeye.

Sehemu zake zinaitwaje?

Ili tuelewane huko mbele: *bapa* ni chuma chote kirefu, *makali* yako pande zote mbili, *ncha* hapa ni ya mviringo kiasi maana upanga huu ni wa kukata kuliko kuchoma. *Mfereji* ni ule mtaro mpana unaopita katikati ya bapa. *Kinga* ni kipande cha chuma kilicho mbele ya mkono, halafu kuna *kinga ya juu* na *kichwa*, ambavyo viko mwisho wa mpini. *Msuka* ni mkia wa bapa unaoingia ndani ya mpini, huuoni lakini ndio unaoshikilia maisha yako. *Ala* unaijua.

Watu wa fani hii wanazipanga panga kwa herufi kufuata umbo la mpini, mfumo wa Jan Petersen wa Norway, aliouchapisha 1919. Ukiona tangazo linasema "aina H" au "aina K" ni hiyo orodha. Wangu unafuata aina K, kichwa chenye vibonge vitano, ambayo ni ya karne ya 9.

## Kununua

Bei yake ni kiasi gani?

Kwa bei nilizokuta hapa Uingereza, pambo la ukutani linaanzia chini ya pauni 100, upanga wa kazi wa bei nafuu ni kati ya pauni 150 na 350 hivi, alafu kuanzia hapo inapanda tu. Kampuni kama Albion ya Wisconsin, Marekani, panga zake zinavuka dola 1,000 bila shida. Zile za katikati nyingi zinatoka India na China, Windlass wako Dehradun, Deepeeka wako Meerut, Hanwei wako Dalian. Usisahau usafiri na ushuru, hivyo viwili vimewaumiza wengi.

Tofauti ya pauni 250 na pauni 1,000 iko wapi, mbona kwenye picha zinafanana?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu. Picha inakuonyesha umbo la upande mmoja tu. Urefu, upana, mfereji, kichwa, vyote hivyo kiwanda cha bei nafuu kinaviiga vizuri sana. Kisichoonekana kwenye picha ni unene. Bapa la kale huanza na unene wa kutosha pale kwenye kinga, labda milimita 5 hivi, alafu linakonda taratibu mpaka karibu na ncha linabaki jembamba kabisa. Ule upungufu ndio unaoufanya upanga mpana hivyo utulie mkononi. Kukondesha chuma namna hiyo ni kazi ya saa nyingi kwenye mashine ya kusaga na fundi akizidisha kidogo kaharibu, kwa hiyo kiwanda kinachouza rahisi kinaanza na bamba la unene mmoja, kinachonga umbo, basi.

Nilipopima wangu, kwenye kinga ni milimita 5 na karibu na ncha ni kama 4. Hiyo milimita moja au mbili iliyobaki huko mbele unaisikia kwenye kiwiko baada ya dakika chache za mazoezi. Kwa hiyo ukiongea na muuzaji usimuulize kuhusu nakshi, muulize unene wa kwenye kinga, unene wa sentimita tano kabla ya ncha, na kiini cha uzito, yaani pale upanga unapotulia sawa juu ya kidole, kiko sentimita ngapi kutoka kwenye kinga. Akijibu kwa namba, huyo anajua anachouza.

Msuka una umuhimu gani hasa?

Msuka ukiwa mwembamba au umechomelewa, siku moja ukiuzungusha upanga bapa litaruka peke yake na wewe utabaki na mpini. Siyo hadithi za kutishana, panga za mapambo nyingi zimeundwa hivyo hivyo, kijiti cha boliti kimechomelewa kwenye mkia mfupi wa bapa kikafungwa nati juu.

Unachotaka ni msuka mpana, kipande kimoja na bapa, unaopita kinga, mpini na kichwa mpaka utokee juu, alafu ncha yake igongwe kwa nyundo mpaka itanuke na kubana kama ribiti. Kwenye kichwa utaona kidoa cha chuma kilichopondwa. Kuna wanaofunga kwa nati, na kama msuka wenyewe ni mpana na nati ni nzuri inakubalika, ila mimi napenda wa kugongwa. Muuzaji asiyetaka kusema msuka ukoje, achana naye, pesa yako ni yako.

Chuma gani ni kizuri?

Chuma cha kaboni. Utaona namba kama 1065, 1075, 5160 au EN45. Hiyo 1065 ina kaboni kama asilimia 0.65. 5160 na EN45 ni vyuma vya springi, na 5160 ndicho kinachotumika sana kwenye springi za magari, kwa hiyo mafundi wetu wa Gerezani na Kamukunji wanaofua visu na mashoka kutoka springi kuukuu wanaelewa vizuri kabisa kwa nini chuma hicho kinapendwa: kinapinda na kurudi, hakivunjiki ovyo.

Stenlesi kwa kisu cha jikoni ni sawa, kwa bapa la sentimita 75 siyo sawa. Stenlesi ya mapambo ikiwa ndefu hivyo na ikapata kishindo inaweza kukatika vipande. Tangazo likijisifu tu "chuma kisichoshika kutu", hilo ni pambo.

Ila namba peke yake haitoshi. Chuma kile kile kikipashwa vibaya kinakuwa laini mno au kikavu mno, na hilo huwezi kuliona kwa macho. Soma waliotumia upanga wa kiwanda hicho wanasemaje.

Na zile zenye mawimbi kwenye chuma, au zilizoandikwa ULFBERHT?

Mawimbi ya kale yalitokana na fito za chuma zilizosokotwa na kuunganishwa kwa moto na nyundo, na zilipendwa sana kabla na mwanzoni mwa enzi za Viking. Replika za mawimbi za bei nafuu kwa kawaida ni tabaka za chuma zilizokunjwa alafu zikamwagiwa asidi, zinapendeza lakini muundo si ule. Kwa pesa ndogo chukua bapa la chuma kimoja, pesa iende kwenye moto na msuka badala ya mapambo.

ULFBERHT ni jina lililowekwa kwenye bapa za kati ya karne ya 9 na 11, na zaidi ya 100 zimepatikana Ulaya, nyingi Norway. Kwa sababu zimetapakaa miaka mingi hivyo haiwezekani ni mtu mmoja, ni kama alama ya karakana, na hata enzi hizo kulikuwa na feki zenye herufi zilizokosewa. Fundi wa kale alitandika vipande vya waya wa chuma kwenye bapa la moto akavigonga mpaka vikazama. Kwenye replika za bei yetu herufi zimechorwa kwa asidi tu. Kuna upanga mmoja wa ajabu uliopatikana Ballinderry, Ireland, aina K kama wangu, una ULFBERHT kwenye bapa na HILTIPREHT kwenye kinga, majina mawili kwenye silaha moja. Uko makumbusho ya taifa Dublin na natamani sana kuuona.

Ninunue wenye makali au butu?

Kama unataka kujifunza kukata, wenye makali. Kama unataka kupigana na watu kwenye klabu ya mchezo wa upanga au kwenye maigizo ya vita, butu, na butu wa kweli ni ule uliotengenezwa hivyo, ukingo una unene wa milimita 2 au 3 na ncha ni ya mviringo. Upanga wa makali uliosuguliwa mpaka ukawa butu hauwi salama, ukingo wake bado mwembamba. Kama hujui unataka nini, anza na butu.

## Ukifika nyumbani

Nikifungua boksi nitegemee nini?

Grisi na harufu kali ya mafuta. Panga zinasafiri wiki kadhaa baharini kwa hiyo wanazipaka sana, ifute kwa kitambaa na spiriti alafu upake mafuta mepesi. Kabla hujafurahia sana kagua: angalia bapa kutoka mwisho wa mpini kama limenyooka, shika bapa kwa glavu ujaribu kutikisa kinga, gonga kichwa kidogo kwa kiganja usikilize kama kuna kitu kinacheza ndani. Wangu kinga imekaa upande kidogo, kitu cha nyuzi mbili tatu, inaonekana ukiangalia kutoka juu. Kwa bei hii nimeridhika nayo. Kinga inayocheza nisingeridhika nayo, hiyo ni ya kurudisha siku hiyo hiyo.

Uzito wake je? Si mzito sana?

Kila anayeushika anasema "mbona mwepesi". Watu wanadhani upanga wa Ulaya ni kilo tano. Panga za Viking kwa wingi ziko kati ya gramu 900 na 1,300 hivi, ingawa ukumbuke zile za makumbusho zimeliwa na kutu kwa hiyo zamani zilikuwa nzito zaidi kidogo. Wangu una kilo 1 na gramu 300, yaani uko mwisho wa juu.

Ila mizani haikuambii kila kitu. Kiini cha uzito cha wangu kiko sentimita 17 mbele ya kinga na ukiunyoosha mkono unausikia unavutwa kuelekea chini. Klabuni nimewahi kushika wa mwenzangu wenye uzito karibu sawa na huu, wa fundi wa Ulaya, na ule ulikuwa unageuka popote ninapotaka. Sababu nimeshaieleza kwenye swali la pauni 250 na 1,000.

Mpini mbona mfupi hivi, vidole havienei?

Ni sawa hivyo hivyo. Mipini ya kale mingi ina nafasi ya sentimita 9 au 10 tu, mkono unakaa umebanwa kati ya kinga na kichwa. Siku ya kwanza nilidhani wamenitumia wa mtoto. Ukiushika kama nyundo na kutaka kukunja kiganja, kichwa kinakuchoma kwenye mkono, lakini ukilegeza vidole vya mwisho na kuacha mpini ulale kwa mshazari kiganjani kama unampa mtu mkono, kichwa kinakaa chini ya kiganja na upanga unarefuka mbele yako. Wengine wanabaki na mshiko wa nyundo nyuma ya ngao na ni sawa pia. Kama una mikono mikubwa sana uliza urefu wa mpini kabla hujalipa.

Ukiulinganisha na ule wa makumbusho unafanana?

Kwa mbali ndiyo. York, kwenye Yorkshire Museum, kuna upanga wa Gilling, ambao ni wa Waanglo-Saksoni wa karne ya 9 na siyo wa Viking, lakini ni ndugu wa karibu. Ukisimama mbele ya kioo chake unaona mikanda ya fedha iliyokaza mpini na kinga iliyopinda kidogo kwa mkono wa mtu. Kwenye wangu kinga na kichwa vimemiminwa kwenye kalibu, kingo zote ni za mviringo, nakshi haina kina. Mfereji pia, wa kale una kingo laini zinazopotea taratibu, wangu umeishia ghafla. Hivi vitu haviuharibu upanga. Ila ukishaviona kimoja huwezi tena kutoviona, na mimi naona hiyo ni faida, jicho linakua.

## Kuutumia

Naweza kukatia nini?

Chupa za plastiki za maji zilizojaa, magaloni ya maziwa, magazeti yaliyoviringishwa na kulowekwa, na ukiwa na pesa mikeka ya majani ya Kijapani iliyoloweshwa. Usikatie mti mkavu, mfupa, chuma wala ukuta. Hakikisha hakuna mtu wala mnyama mbele, nyuma wala pembeni, simama mguu wako usiwe kwenye njia ya bapa, na kagua kichwa na kinga kila unapomaliza.

Kitu kilichonifundisha zaidi ni sauti. Bapa lenye mfereji likienda sawa, makali mbele kabisa, linavuma. Likienda upande linanyamaza na chupa inaruka nzima badala ya kukatika. Kwa hiyo hata bila kukata kitu unaweza kufanya mazoezi uwanjani nyuma ya nyumba ukisikiliza tu.

Si sawa na panga la shambani? Mimi nimefyeka tangu mtoto.

Mkono wako utakusaidia kwenye jambo moja, unajua makali yanavyotakiwa kuelekea. Vingine ni tofauti sana. Panga la shambani ni fupi, lina unene wa milimita 2 au 3, makali upande mmoja, na uzito wake uko mbele makusudi ili lianguke lenyewe kwenye mti. Upanga huu una makali mawili na kichwa cha kuvuta uzito nyuma, maana mwenye nao alitakiwa aweze kuusimamisha katikati ya njia na kuurudisha kabla mwenzake hajamfikia. Wafyekaji wazuri huwa wanazidisha nguvu mwanzoni. Acha bega lifanye kazi kidogo, lenga ulaini.

Naweza kupigana na rafiki yangu, kwa mchezo tu?

Kwa upanga wa makali hapana kabisa, hata taratibu, hata mkiwa mmekubaliana. Kwa butu ndiyo, mkiwa na helmeti ya kazi hiyo, glavu nzito na mtu wa kuwasimamia. Tafuta klabu.

Maviking waliacha kitabu cha kufundisha upanga?

Hakuna. Kitabu cha zamani zaidi cha upanga Ulaya kilichobaki ni kile kinachoitwa I.33, cha mwanzoni mwa karne ya 14, kinafundisha upanga na ngao ndogo na wahusika wake ni padri na mwanafunzi wake. Kiko hapa hapa Leeds, kwenye makumbusho ya silaha ya Royal Armouries. Lakini kimepishana na Maviking kwa zaidi ya miaka 200 na ngao zao zilikuwa kubwa, kwenye meli ya Gokstad iliyochimbuliwa Norway 1880 zilipatikana 64 za mviringo zenye upana karibu mita moja. Kwa hiyo mwalimu anayekuambia "hivi ndivyo Viking alivyopigana" kwa uhakika wote, msikilize kwa makini lakini ujue anajenga kutoka kwenye mifupa, hadithi na majaribio.

## Utunzaji

Unazuiaje kutu?

Futa kila ukigusa. Jasho la kidole linatosha kuacha alama ya kahawia kesho yake. Kitambaa kikavu, alafu mafuta ya cherehani tone chache, unapaka mpaka unabaki ung'ao tu. Kwa kuhifadhi miezi, vaselini nyembamba inafanya kazi vizuri. Hapa Leeds unyevu upo mwaka mzima, na ndugu zangu wa Tanga, Mombasa, Unguja, nyie mna hewa ya chumvi, huko futeni kila wiki hata kama haujaguswa. Kutu ya juu juu inatoka kwa msasa laini sana na mafuta, ukisugua kwa urefu wa bapa, usisugue kwa duara.

Niuache ndani ya ala?

Kwa safari sawa, kwa kuhifadhi hapana. Ngozi inashika unyevu na dawa zilizotumika kuilainisha zinakula chuma. Ala za kale zilikuwa za mbao na nyingi ndani zilitandikwa sufu ya kondoo, mafuta ya asili ya ile sufu yalilinda bapa. Ala za bei nafuu hazina hiyo, yangu inapwaya mpaka upanga unagonga ndani, nimeweka vipande vya kitambaa kizito mdomoni ikatulia.

Makali yakiisha?

Jiwe laini la kunolea, pembe ile ile iliyokuja nayo, taratibu. Usipeleke kwenye mashine ya kunolea visu, ikipata moto hapo ukingoni chuma kinalainika na hakirudi.

## Sheria, safari, na maswali ya pembeni

Uingereza inaruhusiwa?

Ukiwa na miaka 18 unaweza kununua na kuweka nyumbani. England na Wales tangu 2008 kuna katazo la kuuza panga zilizopinda zenye bapa la sentimita 50 na kuendelea, na misamaha yake, lakini upanga wa Viking umenyooka kwa hiyo hauingii humo. Kutembea nao hadharani bila sababu ya msingi ni kosa. Nikienda klabuni unakuwa ndani ya begi refu lililofungwa, buti ya gari, moja kwa moja mpaka ukumbini. Nchi nyingine zina sheria zao, soma za kwako.

Naweza kwenda nao nyumbani Kenya au Tanzania?

Usianze na tiketi, anza na simu. Uliza forodha na polisi wa kule kwanza, upate jibu kwa maandishi, alafu uliza shirika la ndege. Kwenye kabini haupandi kamwe. Mimi wangu unabaki Leeds, ndugu zangu wanauona kwa video.

Una tofauti gani na upanga wa Oman, ule wa razha, ngoma yao ya kucheza na panga?

Swali zuri na huwa linatoka kwa watu wa Muscat na Unguja. Ule mrefu wa Oman nao umenyooka na una makali mawili, kwa hiyo kwa mbali ni jamaa. Ila mpini wake ni kama bomba, hauna kinga, na bapa ni jembamba linanesa, kwenye razha wanalitikisa mpaka lilie na kulirusha juu na kulidaka. Wa Viking hauneseki hivyo na ulitegemea ngao kubwa kulinda mkono. Ukiurusha wa Viking juu, sogea mbali.

Wewe Mswahili, Maviking wanakuhusu nini?

Wananihusu kwa sababu naishi kwenye ardhi waliyoikalia na napenda chuma kilichofanywa vizuri. Na dunia yao haikuwa ya watu wa theluji peke yao. Kisiwa cha Gotland, Sweden, mwaka 1999 lilifukuliwa rundo la fedha la Spillings, kilo kama 67, ndani yake sarafu zaidi ya 14,000 na karibu zote ni za nchi za Kiislamu, dirham zilizopanda mito ya Urusi mpaka Baltiki. Kuna watu wa siasa za chuki wanaotaka kuzibeba alama za Viking ziwe zao peke yao. Siwaachii. Klabuni kwetu mlango uko wazi na nimepokelewa kama ndugu.

Nimeona upanga halisi wa Viking unauzwa onlaini kwa bei poa, ninunue?

Usinunue. Chuma kipya kikizikwa na kumwagiwa tindikali kinazeeka haraka sana, na kama ni halisi kweli huenda umeibwa ardhini, nchi za Skandinavia vitu vya kale namna hiyo mara nyingi ni mali ya umma. Na ikitokea umeokota chuma cha ajabu mtoni, usikisugue, usikinyooshe, piga simu makumbusho. Ule wa Gilling aliupata mtoto wa miaka 9 kwenye kijito mwaka 1976, na leo uko York.